Posa, kijiti cha fizi na tone la damu

Wazazi wa Dodoma, Kondoa na hata Manyoni hutuuliza iwapo bwana harusi mtarajiwa aweza kuleta majibu ya kile kijiti cha kupitisha kwenye fizi, badala ya kwenda na mchumba wake kupima damu. Jibu letu ni hapana, na sababu zake yafaa zifahamike.

Kujipima VVU kulihalalishwa hapa hapa Dodoma, Bunge liliporekebisha Sheria ya UKIMWI ya 2008 mwezi Novemba 2019. Wengi hudhani kijiti husaka virusi ndani ya mate. Sivyo, mate hayaambukizi VVU. Kinachotafutwa ni kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi ya virusi, nao hupatikana katika majimaji ya ufizi. Ndiyo maana kijiti hupitishwa mara moja ufizi wa juu na mara moja ufizi wa chini.

Damu ina kingamwili nyingi kuliko majimaji hayo, na hapo ndipo penye tofauti. Kipimo hiki kilipoidhinishwa Marekani mwaka 2012 kwa matumizi ya nyumbani, ilibainika kuwa miongoni mwa wenye maambukizi waliojipima, mmoja kati ya kila 12 alipata jibu kwamba hana. Aliyeambukizwa ndani ya miezi 3 iliyopita aweza kupata jibu la uongo. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kufubaza virusi. Basi mchumba anayeficha dawa zake aweza kuonesha mstari mmoja bila kughushi chochote. Na kijiti hakiandikwi jina la mtu!

Hatusemi kijiti hakifai. Kijana anayeona haya kukaa foleni ya kituo cha afya, majirani wakimtazama, hupata pa kuanzia kwa faragha. Akiona mistari 2, hajathibitishwa bado. Aende akapimwe damu. Ama baba wa bibi harusi, sheria haimruhusu kumlazimisha mtu kupima. Wawili waende kwa ridhaa yao, wapewe ushauri nasaha pamoja.

Wapo pia wanaouliza kuhusu saumu. Mtu asile, asinywe wala asipige mswaki kwa nusu saa kabla ya kujipima, na majibu husomwa kati ya dakika 20 na 40. Mwenye wasiwasi na funga yake apime usiku, baada ya futari kutulia.