Ukurasa wa Mfugaji: Kumfundisha Mbwa Kusimama

Juma hili twapenda kueleza jinsi ya kumfundisha mbwa kusimama sawasawa. Huenda wengine wakacheka na kuuliza, mbwa aliyezaliwa na miguu minne afundishwe kusimama kwa nini? Tunawaomba wasubiri kidogo.

Huko Uingereza yako maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, yaliyoanza London mwaka wa 1891, na siku hizi hufanywa Birmingham. Hapa Kenya, chama kiitwacho East Africa Kennel Club huandaa maonyesho ya namna hiyo mjini Nairobi. Mbwa aingiapo uwanjani hutakiwa asimame miguu ya mbele imenyoka chini ya mabega, ya nyuma imerudi nyuma kidogo, mgongo umetulia, na kichwa kiko juu. Kisha huja mwamuzi, mtu ambaye mbwa hamjui, akamfunua midomo atazame meno, na kumpapasa tangu shingo hata mkia. Mbwa arukaye au aumaye hawezi kukaguliwa, hata awe mzuri namna gani.

Sisi wa Kalobeyei, katika njia itokayo Kakuma kwenda Lokichoggio, hatuna uwanja wa namna hiyo. Mbwa wetu kazi yao ni kulinda mbuzi na kubweka fisi ajapo usiku. Lakini yuko mwamuzi mmoja ambaye kila mbwa wa hapa yampasa kusimama mbele yake, naye ni mtumishi wa mifugo aletaye dawa na chanjo. Yeye naye humfunua mbwa kinywa ili aweke kidonge, na humshika ngozi ili apige sindano. Mbwa asiyekubali kushikwa hutoroka porini, na siku ile ikapita bure.

Hasara yake si ndogo. Katika matumbo ya mbwa hukaa tegu mdogo sana, ambaye urefu wake haufiki sentimeta 1. Mayai yake hutoka pamoja na mavi ya mbwa, yakashika katika manyoya yake, katika mchanga na katika maji. Mtu akiyameza, hufanya vifuko vya maji katika ini au mapafu, navyo hukua polepole kwa miaka mingi, hata tumbo likavimba na mgonjwa akahitaji kupasuliwa. Ndio ugonjwa wa hidatidi. Turkana imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi duniani, na kwa sababu hiyo AMREF walianzisha kazi ya kuupiga vita huku mwaka wa 1983. Wanawake na watoto, ambao hukaa karibu sana na mbwa, wamo katika hatari kubwa zaidi.

Dawa ya tegu huyo ipo, nayo ni prazikwanteli. Shirika la Afya Duniani lashauri mbwa wapewe angalau mara 4 kwa mwaka. Tena iko chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, kupona ni jambo la nadra mno. Mwaka wa 2014 Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa kuukomesha ifikapo mwaka wa 2030, kwa kuwachanja mbwa 70 katika kila 100. Basi hesabu hiyo itatimiaje, ikiwa mbwa hawashikiki?

Namna ya kumfundisha ni hii. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo anza na mtoto wa mbwa. Chagua saa ya asubuhi, kabla mchanga haujawaka moto, na mahali pasipo na kelele. Mfunge kamba laini shingoni, uishike bila kuivuta kwa nguvu. Sema neno moja tu, “Simama,” wala usilibadili kesho. Akiisha kutulia, hata kwa kitambo kidogo sana, mpe kipande cha chakula papo hapo. Ukichelewa, hatajua amelipwa kwa kazi gani. Siku ya kwanza hesabu hadi 3. Zikipita siku chache hesabu hadi 10, kisha hadi 30. Dakika 5 kwa siku zatosha.

Akisha zoea kusimama, mzoeze kuguswa. Mpapase mgongo na miguu, umwinue ngozi ya shingo taratibu, umfunue midomo na kuifunga tena. Mwisho mwombe jirani aje afanye vivyo hivyo, maana mtumishi wa mifugo atakuwa mgeni kwake. Usimpige. Mbwa apigwaye akiguswa hujifunza kwamba mkono wa mtu ni adui, naye atauma.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo twaomba kila msomaji alishike. Malipo ya mbwa yasiwe mapafu wala maini mabichi. Vile vifuko vya maji vionekanavyo katika viungo vya mbuzi, kondoo au ngamia aliyechinjwa ndivyo vimtiavyo mbwa tegu. Ukimtupia, umemlipa kwa maradhi, naye atayarudisha nyumbani kwako. Mpe kipande kidogo cha nyama iliyopikwa, au ugali. Viungo vyenye vifuko vichomwe moto au vifukiwe chini sana, mbwa asiweze kufukua. Nawe ukimaliza kumshika mbwa, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Tena mbwa aliyegeuka tabia ghafula, atokwaye na udenda na kuuma ovyo, huyo si wa kufundishwa. Jitenge naye, ukatoe habari upesi. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, wala asingoje kuona dalili.

Mbwa wa Birmingham akisimama vema, bwana wake hupewa kikombe. Mbwa wa Kalobeyei akisimama vema, hupata kidonge chake na sindano yake, na watoto wa boma zima hupata kinga. Basi wenye mbwa waanze kesho asubuhi, ili mtumishi wa mifugo ajapo awakute tayari.