Chokaa Isimwagwe kwa Kukisia

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmetaka Chama kinunue chokaa kwa wingi, imwagwe mashinani mwa mikarafuu, kwa kuwa udongo umekuwa mchachu. Sisi twaona fedha hizo zisitoke mpaka udongo upimwe.

Uchachu una kipimo chake, kiitwacho pH, alichokitunga Mdenmaki Søren Sørensen mwaka 1909. Huanzia 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati, si tindikali wala si alkali. Maji ya ndimu yako karibu na 2. Maji ya chokaa, hii hii ya tambuu, hufika 12. Lakini nambari hizo hazihesabiwi kama pishi za karafuu: kila hatua moja ni mara kumi. Udongo wa 5 una uchachu mara kumi kuliko wa 6, na mara mia kuliko wa 7. Hapo macho hayatoshi.

Wenzetu wa Bara wanalo jambo hili kwa hatari kubwa zaidi. Shuka garimoshi Isaka, Mkoa wa Shinyanga, kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, ushike njia ya Kahama hadi Geita: uko katika nchi ya dhahabu. Huko mchanga uliokwisha kusagwa, wenyewe huuita marudio, hulowekwa katika maji ya sayanaidi ili dhahabu iyeyuke. Hutiwa chokaa kwanza, pH iwe 10 na nusu au zaidi. Ikishuka hadi 9.2, nusu ya sayanaidi hugeuka sumu iwezayo kuruka hewani na kumwua mtu. Basi mwenye kuijua kazi ile hupima, hutia, kisha hupima tena.

Sisi tukizidisha chokaa hatufi. Lakini chuma na zinki hujifunga udongoni, mizizi isiweze kuvinyonya, na majani machanga huwa manjano. Mwenye shamba akiyaona hudhani uchachu ungalipo, akaongeza chokaa! Nayo ikishachanganyika na udongo haizoleki. Majivu ni vivyo hivyo.

Twapendekeza mkutano ujao ukubali kununua vifaa vya kupimia, tumwombe na bwana shamba atuonyeshe matumizi yake. Kila mwanachama achote udongo mahali patano shambani mwake, kina cha shubiri moja, auchanganye katika mfuko mmoja wenye jina lake. Aliyekwisha kumwaga majivu au chokaa alete udongo wa mahali hapo katika mfuko wa pili, mbali na ule wa kwanza.

Katibu