Mbwa Wako si Kengele ya Geti

Tembea Kitengela upande wowote, kuanzia mitaa ya karibu na stendi hadi zile ploti mpya za kuelekea Isinya, uhesabu mageti yaliyoandikwa "Mbwa Kali". Ni mengi ajabu. Mwalimu wa Kiswahili angetia wino mwekundu hapo na kuandika "mbwa mkali", lakini leo sina ugomvi na sarufi. Ugomvi wangu ni juu ya huyo mbwa mwenyewe. Mara nyingi ukichungulia unampata amefungwa mnyororo mfupi, sufuria yake ya maji imekauka, na kazi yake maishani ni moja tu: kubweka mtu akipita. Mwenye nyumba ukimuuliza kama ana mbwa anakujibu, "Ndiyo, niko naye." Mimi nasema hana. Ako na kengele inayokula ugali.

Simdharau mtu. Usalama ni usalama, na wezi wako kila mahali. Lakini kama utaishi na mnyama miaka kumi au zaidi, halafu unachopata kwake ni kelele peke yake, wewe ni kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa akawa anatumia mbolea tu. Kuna mengi yanakupita.

Huku kwetu Mashuuru mbwa hana geti la kulinda. Boma lina miba, na nje ya miba ni mbuga. Mbwa wangu anaitwa Bosi. Ni wa kienyeji kabisa, rangi ya udongo, sikio moja limeraruka. Asubuhi mbuzi wakitoka, yeye hangoji kuitwa. Hakuna aliyemfundisha. Alikua katikati ya mbuzi tangu akiwa mdogo, kwa hivyo anawaona kama watu wao. Hawaswagi kama wale mbwa wa kondoo wa Uingereza unaowaona kwenye video. Anakaa nao tu, analala kivulini wakila, na masikio yake hayalali.

Nimeishi naye mpaka nikajifunza lugha yake. Akiona mgeni anabweka kwa vipande, anaacha, anabweka tena. Fisi akisogea usiku sauti inakuwa nzito na haikatiki. Akiona nyoka anabweka huku akirudi nyuma, macho chini. Yaani mimi niko ndani nimejifunika blanketi na tayari najua nitoke na tochi au nitoke na rungu. Kujua kiumbe mwingine kiasi hicho, na yeye kukujua hivyo hivyo, ni utajiri. Hauwezi kuuhesabu kwa Mpesa lakini upo.

Tuseme ukweli pia: mbwa hawezi kumpiga simba. Asikudanganye mtu. Kazi ya mbwa ni kukupa taarifa mapema. Mnyama mla nyama anapenda giza na kimya, na mbwa anaharibu kile kimya. Kwa kaunti yetu hilo si jambo dogo. Juni 2012 pale Kitengela wanakijiji waliwaua simba sita baada ya mifugo kuliwa usiku. Habari ile ilizunguka dunia nzima. Karibu miaka hiyo hiyo kijana wa huko huko, Richard Turere, alikuwa amebuni taa za kumweka-mweka kuzunguka boma ili simba adhani kuna mtu anatembea na tochi, na 2013 akasimama kwenye jukwaa la TED kueleza jinsi alivyofanya. Taa inamtisha simba, mbwa anaamsha watu. Mtu aliyeamshwa kabla mbuzi wake hawajaliwa hana sababu ya kwenda kulipiza kisasi kesho yake. Kwa hiyo hata simba anafaidika na mbwa wako.

Sasa tutoke kwa kazi, twende kwa moyo. Hapa ndipo vijana wenzangu huanza kucheka.

Kuchunga ni kazi ya upweke. Unatoka saa kumi na mbili, unarudi jua likizama, na katikati ya hapo hakuna netiweki, hakuna stori, ni wewe na vumbi. Ukiwa na mbwa unaongea. Ndiyo, naongea na Bosi, tena kwa sauti. Namweleza mipango yangu, namsomea ninachotaka kuandika, na akiinuka kwenda kulala mbali najua hiyo aya haikuwa poa. Unaweza kucheka, lakini kichwa kilichopata mahali pa kutua mzigo si sawa na kichwa kilichobeba kila kitu mchana kutwa.

Ukame ule uliotuachilia 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kufeli mfululizo, ulionyesha mambo. Ng'ombe walikufa mpaka harufu ikawa ya kawaida. Wanaume wa huku hawalii na hawaelezi. Mzee wangu ni mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kumshika mbwa, kwake mbwa alikuwa wa kufukuzwa mlangoni tu. Lakini jioni za wakati ule alikuwa anakaa nje kwenye kigoda, Bosi anakuja analala miguuni pake, na siku moja niliona mkono wa mzee umewekwa juu ya kichwa cha mbwa. Hakusema kitu, na mimi sikumuuliza. Nilijua tu kwamba kuna jambo pale ambalo sisi watoto wake hatungeweza kumpa, kwa sababu mbele yetu ilibidi abaki mzee.

Sayansi nayo imechungulia jambo hili. 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana machoni, homoni ya oksitosini inapanda kwa wote wawili. Ni ile ile inayosaidia kumfunga mama na mtoto wake mchanga. 2017 huko Uswidi walichunguza rekodi za watu zaidi ya milioni tatu na wakakuta kwamba wenye mbwa, hasa wale wanaoishi peke yao, walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa katika kipindi cha utafiti kuliko wasio na mbwa. Usikimbie na hiyo namba ukasema mbwa ni dawa. Inawezekana pia watu wenye afya ndio wanaoweza kukaa na mbwa. Lakini mtu mpweke anayelazimika kutoka nje kila siku kwa sababu kuna kiumbe kinamngojea, huyo amepata sababu ya kuamka. Kwangu hiyo inatosha.

Najua utaniambia, "Hayo mambo ya kupenda mbwa ni ya wazungu." Hapana. Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kabisa kuishi na binadamu, kabla ya mbuzi, kabla ya kondoo, kabla hata ya hao ng'ombe tunaojivunia. Mmaasai na oldia wake hawakufundishwa na sinema. Kumvalisha mbwa sweta na kumpikia keki, hayo ndiyo mageni, na sikuombi uyafanye. Nakuomba maji safi, kivuli, chakula, jina, na muda wako kidogo.

Utaniambia tena, "Mimi mwenyewe sijashiba, nitamlishaje mbwa?" Hili ni swali halali na silipuuzi. Jibu langu ni gumu: kama huwezi, usimchukue. Hakuna aliyekulazimisha. Kumchukua mtoto wa mbwa kwa sababu anapendeza, halafu akikua unamtupa kando ya barabara ya Namanga usiku, huo ni ukatili, na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inautambua hivyo. Na kama una jike na hutaki watoto kila mwaka, muulize daktari wa mifugo kuhusu kumfunga uzazi. Mbwa mmoja anayetunzwa ni bora kuliko sita wanaozurura sokoni.

Kuna pingamizi la tatu ambalo ndilo zito kuliko yote, na hapa naomba usiruke mstari. Kuna watu wanaogopa mbwa kwa sababu wamemzika mtu. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua karibu Wakenya 2,000 kila mwaka, na miongoni mwa wanaoumwa kuna watoto wengi. Duniani ni kama watu 59,000. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Sasa hebu fikiria: ugonjwa unaoua namna hiyo unazuiwa na sindano moja ya mbwa, inayorudiwa kila mwaka. Serikali ilizindua mpango 2014 wa kumaliza vifo hivi ifikapo 2030, na hesabu yake ni rahisi kuelewa: mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa mfululizo, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Hao saba ni pamoja na wako na wangu.

Kwa hivyo mtu akiniambia anampenda mbwa wake, swali langu la kwanza ni moja: amechanjwa lini? Kama hakumbuki, hayo si mapenzi, ni maneno. Mtoto wa mbwa akifika miezi mitatu anachanjwa. Na mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata mbwa wa nyumbani anayemjua, usipake mafuta wala pilipili wala mitishamba. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukadungwe sindano za kuzuia. Usingoje uone kama mbwa atakufa.

La pili ni minyoo. Sisi tunachinja nyumbani, na kawaida yetu ni kumrushia mbwa mapafu au maini yenye vile vimalenge vya maji. Acha hiyo. Ndani ya vile vimalenge kuna mabuu ya mnyoo anayekomaa kwenye utumbo wa mbwa, mayai yanatoka na choo chake, na yakiingia mdomoni mwa mtu yanaota uvimbe kwenye ini au mapafu. Choma hizo sehemu au zifukie shimo refu, mpe mbwa dawa ya minyoo, na mfundishe mtoto kunawa mikono akitoka kucheza naye. Ukifanya hivyo, mtoto wako anaweza kumkumbatia Simba au Tomi wake bila wewe kushtuka.

Hata mbugani deni letu linafika. 1994 ugonjwa wa distempa uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuuleta. Ukichanja mbwa wa Mashuuru unalinda na wanyama ambao watu wanapanda ndege kuja kuwaona.

Naona hapa ndipo utajiri wa kukaa na mbwa ulipo hasa. Si kwamba anakupenda tu bila kukuuliza una kazi gani au mfukoni una nini, ingawa hilo nalo ni tamu. Ni kwamba anakulazimisha kuwa mtu wa kutegemewa. Mbwa hajui kesho kutwa. Anajua leo umekuja au hujakuja. Kijana anayejifunza kumwekea mbwa maji kila asubuhi, hata siku hajisikii, anajifunza kitu ambacho hakuna kozi ya kufundisha. Siku akipata mke, mtoto au mfanyakazi wa kumtegemea, mkono wake utakuwa umeshazoea.

Kwa hiyo jumamosi hii fanya mambo matatu tu. Mfungue huyo mbwa umtembeze kilomita moja, uone atakavyokuangalia mkirudi. Uliza afisa wa mifugo wa wadi yako chanjo inafanyika lini na wapi. Na kama jirani hana gari wala pikipiki ya kumpeleka wake, mbebe pamoja na wako. Septemba 28 ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa, lakini ugonjwa haungoji kalenda. Mimi na Bosi tumeshaenda, na cheti chake tumekihifadhi pamoja na vitambulisho vya watu wa nyumbani.