Mlolongo Usirudi kwa Mlango wa Nyuma



Wale waliokuwa watu wazima nchini Kenya mwaka 1988 hawahitaji kuelezwa maana ya neno mlolongo. Mwezi wa Februari mwaka huo, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa na sheria wakati huo, hapakuwa na karatasi ya siri wala sanduku. Mwanachama alisimama uwanjani, mchana kweupe, nyuma ya mgombea au wakala wake. Mstari wenyewe ndio uliokuwa kura. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa kuwa amekwisha kuchaguliwa bila kupingwa. Na watu walipotawanyika, hapakubaki kitu cha kuhesabiwa tena. Aliyeona mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu hakuwa na ushahidi ila macho yake.

Mtindo huo ulipoletwa mwaka 1986, viongozi wa makanisa waliupinga waziwazi. Walikuwa na haki. Mtu anayelazimika kumpa mgongo jirani, mwajiri au chifu mbele ya kijiji kizima hachagui, anajihami. Mlolongo ulifutwa mwaka 1990, na tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya walipanga mstari wa namna nyingine, uliowafikisha kwenye kibanda ambamo kila mmoja alikuwa peke yake na dhamiri yake. Leo Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 81, yataka kura iwe ya siri, isiyo na vitisho wala ufisadi.

Lakini siri hiyo yaweza kuuzwa. Aliyepokea noti usiku huambiwa aipige picha kura yake kwa simu. Mwingine ajuaye kusoma vizuri huagizwa ajifanye hajui, ili asaidiwe na msimamizi mbele ya mawakala, nao wasikie alivyochagua. Huo ni mlolongo ule ule, umerudi kwa mlango wa nyuma. Tofauti ni kwamba mwaka 1988 tulilazimishwa. Sasa twajipeleka wenyewe.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa walei wafundishe mambo haya katika jumuiya zao mapema, si jioni ya kuamkia uchaguzi. Asiyejua kusoma kweli ana haki ya kuingia na mtu anayemwamini. Wazee, wagonjwa na mama wajawazito wapishwe mbele. Tena, kituo hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyekwisha kufika mstarini kabla ya saa hiyo ana haki ya kupiga kura. Asikubali kurudishwa nyumbani.

Kusimama juani saa nyingi kwachosha. Hata hivyo, mstari huu una mwisho ambao ule wa 1988 haukuwa nao: mahali ambapo maskini na tajiri wana kura moja moja, na hakuna awaonaye. Tusipauze mahali hapo.