Sare za sherehe Masasi na Newala: heshima au kiingilio?

Minada ya korosho ikishaanza, simu za watu wa Masasi na Newala nazo zinaanza kuita. Magrupu ya WhatsApp yanafunguliwa kila wiki: kamati ya harusi, kamati ya sendofu, kamati ya kumtoa mwali. Kabla mtu hajaulizwa kama atakuwepo, ameshatumiwa picha ya kitenge, jina la duka na tarehe ya mwisho ya kulipia.

Kwa hiyo anayeuliza kama mavazi maalumu bado yana maana kwenye shughuli atajibiwa haraka huku kusini. Yana maana sana, pengine kuliko zamani. Kilichobadilika ni nani anapanga kanuni, na nani anashindwa kuifuata.

Kanuni yenyewe si ngeni. Vizazi vilivyopita vya Wamakonde vilikuwa na chale za usoni, na wanawake walivaa ndonya kwenye mdomo wa juu. Mtu alitambulika ni wa watu gani kabla hajafungua mdomo. Leo ndonya imebaki kwenye picha za zamani na vinyago. Kazi ya kumtambulisha mwanamke aliyekuja kwa heshima imehamia kwenye khanga.

Na khanga ina jambo moja ambalo wengi hawalisemi: inasawazisha. Doti ileile inaingia msibani leo, unyagoni kesho, na keshokutwa inambeba mtoto kwenda kliniki. Hakuna anayeuliza imenunuliwa lini.

Sare ya kitenge haiko hivyo. Ya harusi hii haifai harusi ijayo, maana kila kamati inataka rangi yake. Ukishalipia kitambaa kuna fundi cherehani, kuna viatu, halafu kuna mchango wenyewe na hela ya kumtunza bibi harusi au mwali. Familia yenye shughuli tatu mwezi mmoja inajikuta imenunua nguo tatu za kuvaa mara moja.

Ukumbini hakuna anayemfukuza asiye na sare. Haihitajiki. MC akiita "wenye sare wote mbele", watu wanaingia kwa kucheza na wanapigwa picha mbele ya meza kuu. Aliyekuja na gauni lake zuri la mwaka juzi anabaki kwenye kiti cha nyuma, anapiga makofi.

Hapo ndipo shida ilipo, kwa sababu kuhudhuria shughuli si starehe tu. Ni akiba. Mtu anamtunza mtoto wa mwenzake leo ili wa kwake naye atunzwe kesho. Mama anayekwepa harusi mbili kwa kukosa sare anaweza kuona mahudhurio yamepungua siku binti yake anatolewa unyagoni. Hasara hiyo ni kubwa kuliko bei ya kitenge.

Hela nayo ina saa zake. Korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo AMCOS, chama kikuu kama TANECU upande wa Newala au MAMCU upande wa Masasi kinasimamia mnada, na malipo yanakuja baadaye. Oktoba 2024 bei ya mnada wa kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na watu walikuwa na sababu ya kusherehekea. Lakini wengi hawajasahau msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300, kisha wakulima wengi wakasubiri malipo kwa muda mrefu huku uhakiki ukiendelea. Tarehe ya mwisho ya sare haisubiri uhakiki. Anayetaka kuonekana anakopa kikoba.

Tanzania iliwahi kuingia kwenye mavazi kwa amri. Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU, iliyoanza Januari 1, 1969, ilipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Ile ilikuwa marufuku ya kuvaa. Ya sasa ni amri ya kununua, na anayeisimamia ni mhazini wa grupu.

Linganisha na msiba. Huko adabu ni kali zaidi: shikamoo kwa wakubwa kabla ya kukaa, wanawake kwenye mkeka, sauti chini. Binti aliyeshuka basi la Dar es Salaam na suruali anavutwa pembeni na shangazi, anafungwa khanga ya kuazima, anaingia. Kanuni imefuatwa na hakuna aliyetoa hata mia.

Wanaotetea sare wana hoja. Inapendeza, inamfanya bibi harusi aone watu wake, na mafundi wa Masasi mjini wanapata kazi. Ni kweli. Ila kamati inayotaja rangi tu, kila mtu avae alichonacho cha rangi hiyo, inapata picha nzuri vilevile. Nyingine zinachagua doti moja ya khanga, ambayo mtu atarudi nayo nyumbani na kuendelea kuitumia. Hayo yanawezekana bila kikao cha pili.

Kwa sasa wengi wanaoshindwa hawasemi. Mtu alikuwa anachangia mazungumzo vizuri tu, anatuma vicheko. Picha ya kitenge ikitua, anakaa kimya. Siku mbili tatu baadaye yanatokea yale maandishi madogo kuwa fulani ameondoka kwenye grupu, na mazungumzo yanaendelea kuhusu idadi ya kreti za soda.