Feza haikimbii yenyewe

Kila mwisho wa mwezi tunasikia neno lile lile: «Feza imekimbia.» Baba anasema hivyo kazini, mama anasema hivyo sokoni. Sisi tunauliza: Imekimbia kwa miguu gani? Feza haina miguu. Ikitoka nyumbani, kuna mkono ulioitoa.

Siku hizi katika miji yetu wako watu wanaofanya kazi ya kufundisha wengine namna ya kutunza feza ya kila siku. Wengine wanawaita «kochi». Sisi tutasema mshauri wa feza. Watu wengi wanawacheka: «Mshauri ni wa matajiri. Maskini hahitaji mshauri, anahitaji feza.» Neno hili ni tamu masikioni, lakini linaharibu nyumba nyingi. Ndiyo sababu tunalipinga.

Tutazame jambo lililotokea Katanga. Zamani mfanyakazi wa Union Minière, na baadaye wa Gécamines, alipata mshahara na nyumba, posho ya unga, hospitali na shule ya watoto. Kampuni ilipiga hesabu kwa ajili yake. Kisha kampuni ikadhoofika, na watu wakafanya kazi miezi mingi bila kulipwa. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Kila mmoja alipewa feza kwa ajili ya miaka yake ya kazi. Wengi walisema walistahili zaidi, na hatuwapingi. Lakini wengi pia hawakuwa wamepata kushika feza nyingi namna ile kwa mara moja. Walilipa madeni na minervali; wengine walinunua gari la kubeba abiria, wengine walifungua duka. Baada ya muda si mrefu, nyumba nyingi zilirudia shida ya kwanza. Je, watu hawa walikuwa wajinga? Hata kidogo! Walijua kuchimba na kuyeyusha shaba. Lakini kuigawanya feza ya miaka mingi ni ufundi mwingine, na ufundi haupatikani kwa siku moja. Basi feza ilikuja, na peke yake haikutosha.

Tutoe mfano mdogo zaidi. Mtu anapata dola 150 kwa mwezi. Katikati ya mwezi anakopa 40 kwa mkopeshaji wa mtaani, mkopo ule unaoitwa kwetu «Banque Lambert», kwa riba ya nusu. Mwisho wa mwezi analipa 60, anabaki na 90. Hizo hazimfikishi mwisho wa mwezi unaofuata, naye anarudi kwa mkopeshaji yule yule. Akikopa vile vile kila mwezi, katika mwaka anatoa dola 240 za riba, kupita mshahara wa mwezi mmoja na nusu. Na bado anasema: «Mshahara wangu ni mdogo, sina cha kuhesabu!» Ndugu, tajiri akipoteza dola 20 hasikii kitu. Ukizipoteza wewe, mtoto analala njaa. Nani basi anahitaji hesabu kuliko wewe?

Mshauri wa kweli anafanya nini? Kwanza anakuomba daftari. Mwezi mzima unaandika kila kitu kilichoingia na kila kitu kilichotoka: unga, makala, unite za simu, mchango wa kilio, chupa ya bia. Wazee walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Pili, anapanga madeni pamoja nawe, na lile lenye riba kali linalipwa kwanza. Tatu, anakufundisha kutenga akiba siku ile ile ya mshahara, hata ikiwa dola 3, si kungoja kitakachobaki. Maana hakuna kinachobaki. Nne, anarudi. Mwezi wa pili na wa tatu anauliza: Daftari liko wapi? Hapo ndipo kazi yake inapopita hotuba ya siku moja.

Wengine watasema: «Tuna likelemba, yatosha.» Likelemba ni jambo jema. Watu 10 wakitoa dola 20 kila mwezi, mmoja anapokea 200 na kununua mabati. Lakini ugonjwa haungoji zamu yako. Likelemba na akiba ni vitu viwili.

Wengine watasema: «Feza ni siri ya nyumba.» Siri ya nani? Katika nyumba nyingi mke hajui mshahara wa mume, na mume hajui faida ya mke sokoni. Hiyo si siri ya nyumba. Ni nyumba mbili chini ya bati moja. Mshauri mwema anawaita wote wawili mezani.

Hatusemi kwamba daftari linaponya kila kitu. Bwana wa kazi asiyelipa watu wake asijifiche nyuma ya mashauri yetu! Kumfundisha mtu kutunza mshahara usiofika ni kumdhihaki. Mshahara ulipwe kwanza, kisha utunzwe.

Tena, mjihadhari na washauri wa uongo. Mwaka 1991, Kinshasa, watu wengi waliweka feza yao katika Bindo Promotion, kwa sababu waliahidiwa kwamba itaongezeka upesi. Mchezo ule ukaanguka, na feza yao ikapotea. Alama ni nyepesi kuitambua: mshauri wa kweli hashiki feza yako, haahidi kuizidisha, na anakutajia malipo yake wazi kabla ya kuanza. Anayesema «nipe, nitakuzalishia» si mshauri, ni mwizi.

Basi, baba na mama, msingoje kuwa matajiri ndipo mtafute shauri. Jioni ya siku ya mshahara, kabla ya kununua kitu, mkae pamoja na daftari. Mkishindwa peke yenu, mtafuteni mtu mwaminifu anayejua hesabu, naye akae nanyi miezi mitatu. Kuomba shauri si aibu. Aibu ni kumnenepesha mkopeshaji mwaka mzima, huku mtoto amefukuzwa shuleni.