Zamu asilale ndani ya depo

Wakati wa mavuno depo zetu zinajaa mahindi na maharagwe, na sisi wote tunaogopa wezi. Ndiyo maana mara nyingi tunamwacha zamu alale ndani, karibu na magunia. Tunafikiri tunalinda mali. Kumbe tunacheza na uhai wa mtu.

Vidonge vya fosfini tunavyoweka kwa kuua wadudu vikipata unyevu wa hewa, vinatoa gesi kwa siku kadhaa. Ile gesi inaua mdudu, na mtu pia inamuua. Haionekani kwa macho. Tusingoje harufu, maana inaweza kumuumiza mtu mbele hajaisikia. Na hakuna dawa ya kuivunja nguvu ikisha kuingia mwilini.

Wengine watasema koperative haina mafranga ya kujengea zamu. Sisi tunaona kibanda cha miti na mabati, mbali kidogo na depo, si mzigo kwa watu wanaouza pamoja. Tena, siku za dawa depo ifungwe kwa kufuli, alama ya hatari iwekwe mlangoni, na mtu yeyote asiingie mpaka fundi wa dawa apime hewa na kuruhusu.

Kwenye mkutano ujao, tuongee jambo hili mbele ya hesabu ya kilo. Gunia likiibwa, tutalima tena. Zamu akikufa, watoto wake tutawaambia nini?